Ukuta wa Mama wa Chini

"Papa Mapasa, weka mkono hapa."

Nikauweka. Ukuta ulikuwa wa baridi, na rangi yake ikanifuata kiganjani kama unga uliolowa. Nilipoondoa mkono, alama za vidole vitano zilibaki palepale. Chini ya ukuta huo godoro la wajukuu wake wawili lilikuwa limeegemezwa kwenye kiti ili likauke, upande mmoja umejaa vidoa vyeusi vya ukungu.

Hakunigombeza. Nyumbani tunamwita Mama wa Chini kwa sababu nyumba yake iko chini yetu kwenye mteremko: nikisimama barazani, mabati yake yako usawa wa magoti yangu. Mimi ananiita Papa Mapasa, yaani baba wa mapacha. Alisema neno moja tu. "Ilianza mlipomaliza bafu."

Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua inapiga kila alasiri. Nikamjibu vile ambavyo yeyote wa Bukavu, mji wetu wa milimani mashariki mwa Kongo, angejibu.

"Mama, hayo ni maji ya mlima."

Akaitikia kwa kichwa. Nikapanda ngazi kurudi kwangu. Usiku huo, na nyingine nyingi zilizofuata, kila nilipooga nilisikiliza maji yakishuka, nikajiuliza yanashukia wapi.

## Bafu lililosifiwa

Tuliishi miaka kumi na moja na bafu la simenti tupu, ndoo na kopo. Mke wangu hakulalamika hata siku moja. Lakini mapacha walikuwa wanakua, wageni wanaongezeka, na mimi nilitamani bafu la karo kama nilivyoliona kwa wenzangu wa mitaa ya Muhumba na Nguba.

Nikanunua karo nyeupe zenye michirizi ya kijivu mfano wa marumaru, sentimita 60 kwa 60, zinang'aa hadi unauona uso wako. Gari halifiki kwetu. Walizipandisha akina mama wabebaji, katoni moja moja mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, na kila mmoja alipofika juu nilikimbilia katoni kabla sijamtazama yeye. Hilo nalo nimelifikiria sana tangu siku ile.

Karo na robine za kufungulia maji zilikula theluthi mbili ya pesa yote. Fundi alikuwa anasawazisha simenti aliponiuliza:

"Papa, tupake dawa ya kuzuia maji kabla ya karo?"

Nikauliza bei. Aliponitajia, nikamjibu kwamba karo zenyewe hazipitishi maji. Akanyamaza, akaendelea na mwiko wake.

Fundi akinyamaza mbele ya mwenye nyumba, usidhani amekubali.

Bafu likaisha Januari. Wageni waliomba kuliona. Shemeji yangu alilipiga picha. Na mimi, kila asubuhi, niliingia humo nikijihisi mtu aliyefanikisha jambo.

## Mvua ilipokoma

Juni ikafika. Vumbi likaanza, majani ya mteremko yakageuka ya kahawia, mtaro wa avenyu yetu ukakauka hadi watoto wakauchezea mpira. Nikashuka kwa Mama wa Chini nikiwa na matumaini makubwa, maana kama ni maji ya mlima, sasa mlima haukuwa na maji ya kumpa.

Ukuta ulikuwa umelowa vilevile.

Mjukuu wake mkubwa akaniletea penseli ya shule. Nikachora mstari kulizunguka doa lote, ukingoni kabisa pale ambapo rangi kavu inakutana na rangi mbichi, nikaandika tarehe. Wiki mbili baadaye doa lilikuwa limeuvuka mstari kwa upana wa kidole.

Niliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Sikuwa na la kusema kuhusu mlima.

Hata hivyo kujua kwamba ni bafu langu hakukunieleza ni sehemu gani ya bafu. Ningeweza kuvunja yote siku hiyohiyo kwa hasira, na huenda ningejenga tena kosa lilelile. Kwa hiyo nikaanza kuuliza bafu maswali, moja baada ya jingine.

La kwanza lilikuwa bomba linaloleta maji. Usiku nilifunga robine zote, nikaandika tarakimu za mita, asubuhi nikazisoma tena. Zilikuwa zilezile. (Fanya hivi usiku ambao maji yapo bombani. Bomba likiwa kavu, mita haitakuambia kitu.) Hapo nikajua bomba la kuingiza halivuji.

La pili lilikuwa bomba la kutolea maji. Kwa siku tatu hatukuoga humo ndani. Nilichukua mpira mfupi, nikauingiza kwenye tundu la sakafu, nikamimina maji dumu baada ya dumu bila kulowesha karo hata moja. Doa halikubadilika.

Ikabaki sakafu yenyewe. Kabla ya kuijaribu nilishuka kuomba ruhusa, kwa sababu kama shaka yangu ilikuwa kweli, maji hayo yangekwenda kwake. Akasema, "Fanya, tujue." Nikaziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, nikajaza sakafu maji ya kina cha vidole vitatu, nikaweka alama ya penseli ukutani. Kando yake nikaweka beseni la maji lenye alama yake, ili nijue ni kiasi gani kinakwenda na hewa.

Baada ya saa 24 maji ya beseni yalikuwa yameshuka kiasi ambacho jicho halikioni. Ya sakafuni yalikuwa yameshuka kidole kizima.

Siku ya tatu, alfajiri, nilisikia sauti yake ikipanda kutoka chini.

"Papa Mapasa. Yamefika."

## Chini ya karo

Sikumwita fundi mwingine. Marafiki walinishauri nimtafute mtu mpya na huyu nimdai pesa zangu. Lakini nililikumbuka swali lake la Januari, na nilikumbuka ni nani aliyelijibu.

Alikuja Jumatatu na nyundo na patasi. Kabla ya kuvunja alipitisha mpini wa nyundo juu ya sakafu akigonga karo moja moja. Katikati ya karo mlio ulikuwa mzito, *du*. Pembeni ulikuwa mwepesi, *ko, ko*, kama mtungi mtupu. Karibu kila karo ilikuwa na pembe tupu.

Karo ya kwanza ilipong'oka harufu ilitupiga, harufu ya dimbwi la siku nyingi. Ilikuwa imelalia mafungu matano ya simenti, moja katikati na manne kuelekea pembe. Baina ya mafungu kulikuwa na nafasi tupu, na ndani ya nafasi hizo maji yamesimama, meusi. Simenti ya chini ilikuwa imesawazishwa tambarare kama meza. Mdomo wa tundu la maji ulikuwa juu kuliko sakafu hiyo, kwa hiyo maji yaliyokwisha kuingia chini ya karo hayakuwa na njia ya kurudi kwenye tundu. Yalikaa yakitafuta pa kwenda.

Pa kwenda palikuwa pembeni mwa bomba. Fundi alichokonoa kuzunguka tundu, akavuta kitu, akakiweka kiganjani mwake. Ilikuwa karatasi ya mfuko wa simenti. Walikuwa wameisokota na kuijaza kwenye nafasi kati ya bomba na sakafu, kisha wakaifunika kwa simenti nyepesi. Ilikuwa imelowa ikawa kama uji, lakini kipande kimoja bado kilisomeka: kilo 50.

Alikitazama, akakiweka juu ya ndoo. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapa nilikosea mimi."

Nikamwambia kwenye dawa nilikosea mimi. Tukaendelea kuvunja.

Nilichokisema Januari kina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Karo ngumu ya sakafuni kweli haipitishi maji. Zile bora hunywa chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Lakini sakafu si karo peke yake. Kati ya karo na karo kuna mwanya, na simenti inayoujaza mwanya hunywa maji, polepole, kila siku, watu sita wakioga asubuhi na jioni. Maji yatapita tu. Karo ni nguo ya bafu. Kinachozuia maji ni ngozi iliyo chini yake, na mimi niliivalisha nguo ya bei sakafu isiyo na ngozi.

## Dari ya mwenzako

Ningeishi uwanda wa Ruzizi, maji yale yangezama ardhini chini ya nyumba yangu na pengine nisingejua kamwe. Bukavu haikuruhusu hilo. Hapa nyumba zimepangana mlimani kama ngazi, na sakafu yangu iko juu ya kichwa cha mtu. Bafu ninaloliita langu lina upande wa pili, na upande huo unalala wajukuu wa mtu.

Nilipoanza kuliangalia hili nikaliona kila mahali. Kadutu, Panzi, Nyalukemba: tazama kuta za mawe zinazozuia udongo nyuma ya nyumba, utaona michirizi ya kijani yenye utelezi, na chini ya mchirizi kuna nyumba. Mara nyingi mtu wa juu hajui. Wa chini anaona haya kusema, au amesema akajibiwa kama nilivyojibu mimi.

Udongo wetu mwekundu ni mfinyanzi uliotokana na miamba ya kale ya volkano iliyooza. Ukikauka unashikana kama tofali. Ukishiba maji unakuwa mzito, unalegea. Watu wa mtaa wa Funu wanalijua hili kuliko sisi sote, maana mteremko wanaouishi unasogea polepole miaka nenda rudi, na watafiti wamekuwa wakiupima. Milango isiyofungika na nyufa za ukutani ziliwaambia wenyeji kabla ya kipimo chochote. Bafu moja haliangushi mlima. Lakini mvua ina msimu wake na inapumzika, Juni hadi Agosti udongo unapata kukauka. Bafu linalovuja halina kiangazi.

## Tulivyoanza upya

Safari hii tuliacha karo ziwe jambo la mwisho kununuliwa.

Tulianza na mchanga. Fundi alichukua chupa ya plastiki, akaijaza mchanga hadi nusu, akaongeza maji, akatikisa kwa nguvu, akaiacha dirishani hadi kesho yake. Mchanga ukatua chini na tope likakaa juu yake kama mkanda. Mkanda wetu ulikuwa mnene kama kidole gumba. Mchanga wa namna hiyo huizuia simenti kushikana vizuri, na mimi nilikuwa nimelipia lori zima la huo Januari bila kuutazama. Tuliuosha mara tatu hadi mkanda ukawa mwembamba kama uzi.

Bomba la tundu tukaling'oa, tukalirudisha chini zaidi, na nafasi yote kulizunguka ikajazwa zege halisi na kushindiliwa kwa kijiti. Nilikaa hapo nikitazama hadi ikaisha.

Kisha mteremko. Kutoka mlangoni hadi kwenye tundu ni mita 2, na fundi alitaka sentimita 2 kwa kila mita, basi upande wa mlango ukawa juu kwa sentimita 4. Alipima kwa mpira wa maji unaopitisha mwanga, si kwa jicho. Na hapa kuna jambo ambalo sikulielewa hadi nilipoliona: mteremko unatengenezwa kwenye simenti ya chini, *kabla* ya dawa, ili hata maji yanayopenya hadi chini ya karo yateremke juu ya dawa yakaingie kwenye tundu. Ukiweka dawa kwenye sakafu tambarare kisha ukatafuta mteremko kwa gundi ya karo, umetengeneza beseni lililofichwa.

Siku saba simenti ilifunikwa magunia yaliyoloweshwa, kisha ikaachwa ikauke. Hapo nilipata jaribu jingine: jamaa mmoja alitushauri tupake gudroni, yaani lami, kwa kuwa ni rahisi. Fundi alikataa. Gudroni huzuia maji, lakini gundi ya karo haishiki vizuri juu yake. Ukiitumia inakubidi uifunike kwa tabaka jingine la simenti, na sisi hatukuwa na urefu huo mlangoni. Tukanunua dawa ile ya unga na maji yake, inayochanganywa na kupakwa kwa brashi. Kwenye kila kona, sakafu inapokutana na ukuta, na kulizunguka tundu, alizamisha ukanda wa kitambaa cha wavu ndani ya dawa ikiwa bado mbichi. Mkono wa kwanza aliupaka kutoka mlangoni kwenda dirishani. Ulipokauka, wa pili akaukatisha, kulia kwenda kushoto, ili brashi ya pili ifunike vitundu vilivyoachwa na ya kwanza. Dawa ikapanda ukutani sentimita 20 pande zote, na mita 2 pale kwenye dushi.

Mwanangu mmoja alisema bafu limekuwa baya. Lilikuwa la kijivu tupu. Nililipenda kuliko lilivyokuwa Januari.

Tukaziba tundu tena, tukajaza maji, beseni likawekwa pembeni. Saa 48. Usiku wa kwanza niliamka mara nne kwenda kutazama alama kwa tochi ya simu. Asubuhi ya tatu maji ya sakafuni na maji ya beseni yalikuwa yameshuka sawasawa, unene wa mstari wa penseli. Nikamwita mke wangu aje aone. Tukasimama mlangoni wawili, tunatazama maji yaliyotulia.

## Karo za pili

Za kung'aa sikuzitaka tena. Mmoja wa mapacha aliwahi kuteleza juu yake akapasuka kidevu. Tena karo ya sentimita 60 haiwezi kufuata mteremko unaoshuka kutoka pande nne kuelekea tundu moja bila kukatwakatwa. Nilichukua za 30 kwa 30, zisizong'aa, zenye ukwaruzo kidogo ukizipitishia kidole. Pale dukani Nyawera niliigeuza karo, nikadondoshea tone la maji mgongoni mwake. Likikaa juu, karo ni ngumu. Likimezwa haraka, hiyo ni ya ukutani hata muuzaji akiapa. Angalia pia namba iliyopigwa kwenye katoni zifanane zote, la sivyo rangi zitapishana kidogo na utaliona ukishamaliza. Na ununue moja ya ziada kwa kila kumi; siku ya kutengeneza utazitafuta usizipate.

Safari hii gundi ilitandazwa sakafu nzima kwa mwiko wa meno. Baada ya karo ya tatu nilimwomba fundi ainyanyue. Mgongo wote ulikuwa umeshika gundi, hadi pembeni. Hakukasirika, baada ya hapo alikuwa anainua moja yeye mwenyewe kila mstari na kunionyesha.

Kwenye kona, ukuta unapokutana na sakafu, hatukuweka simenti bali silikoni. Sisi tuliokuwa hapa Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la 5.9 lilipotukuta asubuhi, hatuhitaji kuambiwa kwamba nyumba husogea. Hata siku za kawaida husogea kidogo, kwa joto, kwa udongo. Simenti ya konani hupasuka. Silikoni huvutika.

Nilipopiga hesabu, karo zilikuwa zimechukua chini ya robo ya pesa. Hakuna mgeni aliyeomba kuliona bafu hili.

## Mistari

Nilitaka kumpakia Mama wa Chini rangi mpya wiki ileile. Fundi akanizuia. Ukuta uliokunywa maji miezi sita hauwezi kukauka kwa siku chache, na rangi ya mafuta ingefungia unyevu ndani, baadaye ibanduke vipande vipande. Tulikwangua tu rangi iliyooza na lipu iliyolegea, tukauacha ukuta uchi, na dirisha la chumba likawa linafunguliwa mchana kutwa.

Kila Jumapili tukitoka misa nashuka kwake na penseli. Nachora mstari ukingoni mwa doa, naandika tarehe. Sasa mistari ni mingi, mmoja ndani ya mwingine, na mjukuu wake mkubwa ndiye anayenishikia tochi.

Mvua zimerudi tangu Septemba. Jumapili iliyopita ilinyesha usiku kucha, na nilishuka asubuhi nikiwa na wasiwasi. Mstari mpya uliingia ndani ya ule wa wiki iliyotangulia kwa upana wa vidole viwili. Katikati bado pabichi.

Aliuweka mkono wake pale mwenyewe, akauacha kidogo, akautazama.

"Bado kidogo," akasema.

Godoro liko kwetu juu. Wajukuu wanalala chumba kimoja na mapacha hadi ukuta ukauke.